Goti Halina Pensheni

Katika soko la mifugo la Isiolo, kaskazini mwa Kenya, mzee asiye na fimbo huonekana kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Mborana anayo, Msomali ana bakora yake iliyopinda kichwani, na Msamburu na Mturkana vilevile. Ni ya kuswagia ng'ombe, ya kuchora mistari vumbini wakati wa kupatana bei, ya kuegemea maongezi yanaporefuka. Miaka ikisonga, fimbo hiyohiyo huanza kazi nyingine bila tangazo: hubeba goti. Hapo ndipo kosa dogo hujificha. Mwenye goti bovu la kulia mara nyingi huishika kwa mkono wa kulia, kwa hesabu kwamba nguzo huwekwa palipo na ufa. Mtaalamu wa tiba ya viungo angeihamishia mkono wa kushoto. Mtu anapotembea, mkono wa kushoto huenda mbele pamoja na mguu wa kulia. Fimbo ikitua wakati mmoja na mguu unaouma, kutokea upande wa pili, hupokea sehemu ya uzito kabla haujalifikia goti na nyonga. Urefu nao una kipimo chake: mtu akisimama wima na kuuachia mkono uning'inie, kichwa cha fimbo kifikie kifundo cha mkono.

Ushauri huo haugharimu hata shilingi moja na hueleweka kwa dakika mbili. Hata hivyo wapo wazee wanaochechemea miaka kumi bila kuusikia. Si kwamba wahudumu wa afya hawaujui. Mazungumzo huwa yamekatwa mapema, na kinachoyakata ni sentensi moja: "Ni uzee tu." Mgonjwa huisema ili asionekane mlalamishi. Mwanawe huisema ili amliwaze. Na kliniki ikiwa na foleni hadi mlangoni, daktari naye huisema ili anayefuata aingie.

Uzee upo, hakuna wa kuubishia. Lakini kama maelezo ya ugonjwa, hauelezi kitu. Mwaka 2015 watafiti waliunganisha matokeo ya tafiti nyingi zilizopiga picha migongo ya watu wasio na maumivu yoyote. Kwa wenye miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski za uti wa mgongo zilizochakaa. Kwa wenye miaka 80 ilikuwa asilimia 96. Mzee anayeonyeshwa picha yake na kuambiwa mifupa imekwisha anaambiwa jambo ambalo ni kweli pia kwa jirani yake wa rika hilohilo anayecheza ngoma harusini. Kuchakaa ni kwa wote. Kuumwa si kwa wote, na tofauti hiyo ndiyo inayostahili kutafutwa sababu yake.

Maumivu huitwa sugu yanapodumu, au yanaporudi na kurudi, kwa zaidi ya miezi 3. Kufikia hapo jeraha la kawaida huwa limeshapona. Kinachobaki mara nyingi ni mfumo wa fahamu uliobadilika: neva, uti wa mgongo na ubongo vimezoea kupokea habari za hatari hadi vinazikuza, na mguso mdogo unafika ubongoni kama pigo. Shirika la Afya Duniani, WHO, liliyapa maumivu sugu nafasi yake katika toleo la 11 la orodha ya kimataifa ya magonjwa, lililoanza kutumika mwaka 2022, na hivyo hayabaki tena kivuli cha ugonjwa mwingine. Ukubwa wake nao haufichiki. Mwaka 2020 watu milioni 619 duniani waliishi na maumivu ya kiuno, na milioni 595 na kulika kwa gegedu za viungo, kule ambako mjini huitwa athraitisi.

Isiolo ina namna yake ya kuufikisha mwili huko. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu 268,002 katika kaunti nzima, wengi wao wakiwa wa jamii za wafugaji, na mfugaji hana siku ya kustaafu. Karani wa serikali akifika miaka 60 huagwa kwa keki na hotuba. Mchunga ngamia wa Kinna au Oldonyiro huendelea hadi miguu ikatae. Wanawake wamechoka zaidi, ingawa hesabu za mifugo haziwataji. Mtungi wa lita 20 una kilo 20, na mwanamke aliyeanza kuteka maji akiwa na miaka 8 ameshaibeba mitungi hiyo kwa muda wa nusu karne na zaidi, juu yake kuni, watoto, na miti na mikeka ya nyumba ya kuhamia, ambayo kuibomoa, kuipakia na kuisimamisha upya ni kazi ya kike. Ongeza yaliyopita: wazee wa sasa ndio vijana wa vita vya Shifta vya miaka ya 1960, na majeraha ya wakati ule hayakupata daktari wa mifupa.

Malezi nayo yana mkono. Kijana wa Kisamburu anapotahiriwa hapaswi kupepesa hata kope, kwani akitikisika aibu huufika ukoo mzima. Jamii nyingine za kaskazini zina mitihani yao ya namna hiyo, na wasichana hawakusamehewa. Mtu aliyefunzwa hivyo, akafikisha miaka 70, anaingia kliniki na kuulizwa: kutoka 0 hadi 10, maumivu yako ni ngapi? Anatazama ukutani na kujibu 3. Jibu ni la heshima tu, halina habari ndani yake. (Swali lenyewe limebuniwa kwa watu waliozoea kupewa alama shuleni, tena mara nyingi hupitia kwa mjukuu anayetafsiri na ambaye naye ana haraka zake.)

Lipo swali linalofungua zaidi: umeacha kufanya nini? Hapo habari hutoka. Ameacha kukamua, kwa sababu akichuchumaa hainuki. Ameacha kwenda msikitini alfajiri. Hula chakula cha mchana tu, ili asilazimike kwenda chooni usiku. Amehamisha kitanda chake karibu na mlango. Daktari anayejua kwamba mzee huyu ameacha kukamua tangu kiangazi kilichopita ana kipimo ambacho hakuna namba ya kukishinda, na ana lengo pia: kumrudisha kwenye kukamua, hata kama ni kwa kukalia kigoda kirefu zaidi. Kutaka maumivu ya uzeeni yaondoke kabisa ni kutaka kitu ambacho dawa nyingi za dunia haziwezi kukitoa. Kutaka mtu arudi kwenye shughuli zake ni jambo linalowezekana mara nyingi, na maandishi haya yanaegemea huko.

Kabla ya hapo, hata hivyo, kuna kitu cha kuulizia ambacho Nairobi huenda daktari asikikumbuke: maziwa.

Isiolo ni mji wa maziwa ya ngamia. Wanawake wafanyabiashara, wakiwemo wa ushirika wa Anolei, huyakusanya kutoka maboma ya mbali na kuyasafirisha hadi Eastleigh jijini. Wanywaji wengi huyataka mabichi, yakiwa na harufu ya moshi wa chombo kilichofukizwa, na wapo wanaoamini kwamba yakichemshwa hupoteza nguvu. Moshi huchelewesha maziwa kuharibika, lakini si wa kutegemewa kuua bakteria wa brusela. Mtu aliyepata brusela hupata homa inayokuja na kwenda, jasho la usiku, uchovu usioelezeka, na maumivu ya viungo, hasa kiunoni na pale nyonga inapoungana na uti wa mgongo. Kwa kijana, homa hiyo hushtua. Kwa mzee, maumivu ya kiuno hupewa jina lilelile la uzee, na homa huitwa malaria. Katika kaunti jirani ya Marsabit, utafiti wa mwaka 2012 hadi 2013 ulikuta alama za brusela kwenye damu ya zaidi ya watu 4 kati ya kila 10 waliopimwa.

Basi kila mwenye kiuno apimwe brusela? Laiti ingekuwa rahisi hivyo. Kipimo cha haraka ambacho vituo vingi vya Kenya vimekuwa vikitumia kilichunguzwa, na utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ukaonyesha kwamba hutoa majibu mengi ya uongo: huwaita wagonjwa watu ambao hawana ugonjwa huo. Kwa hiyo kaskazini kuna mikasa miwili inayotazamana. Kuna mzee mwenye brusela anayetibiwa uzee, na kuna mzee mwenye goti lililolika tu ambaye hupewa dawa za brusela kila mwaka, hupata nafuu ya siku chache kwa sababu amepumzika, kisha huambiwa imerudi. Jibu la "ndiyo" la kipimo cha haraka linastahili kuthibitishwa kwa kipimo bora kabla ya kuanza tiba, kwani tiba yenyewe si mchezo: doxycycline pamoja na rifampicin kwa wiki 6 kamili, au doxycycline pamoja na sindano. Wengi huacha wiki ya pili homa inaposhuka, na ugonjwa hubaki umejificha mfupani.

Kifua kikuu nacho huweza kuingia kwenye uti wa mgongo na kuuvunja polepole. Saratani ya tezi dume hupenda mifupa ya kiuno na nyonga. Mzee anayepungua uzito bila sababu, anayeamshwa usiku na maumivu yasiyotulia kwa mkao wowote, mwenye homa, aliyeanguka hivi karibuni, au ambaye miguu imelegea na mkojo umeanza kumponyoka, hapaswi kupewa kidonge na kuambiwa arudi baada ya mwezi. Huyo wa mwisho ni wa siku hiyohiyo: uti wa mgongo ukibanwa, saa chache zaidi zinaweza kumgharimu miguu yake.

Walio wengi hawako kwenye kundi hilo. Wana magoti yaliyolika, viuno vilivyochoka na miguu inayowaka moto kwa sababu ya sukari, na mahali pa kwanza wanapokwenda si hospitali bali kemisti. Hakuna la kuwalaumu. Kemisti yuko jirani, hana foleni, anaongea lugha yako na anauza hata vidonge viwili. Kinachouzwa zaidi kwa maumivu ni diclofenac, ambayo kila mtu huiita diclo, na ndugu yake ibuprofen. Hupunguza uvimbe na maumivu kweli. Mtu aliyeshindwa kuinuka asubuhi huweza kwenda sokoni adhuhuri. Ubora wake huo ndio mtego.

Figo za mzee wa miaka 75 hazina akiba kama za kijana. Ili ziendelee kuchuja damu mwili unapopungukiwa na maji, hutegemea kemikali fulani zinazoitwa prostaglandini, ambazo hulegeza mishipa inayoingiza damu ndani ya figo. Diclofenac hufanya kazi kwa kuzuia kemikali hizohizo. Sasa mweke mzee huyo Isiolo wakati wa kiangazi, joto likipita nyuzi 30, maji yakiwa ya kununua kwa mtungi. Mpe na dawa zake za presha: enalapril au losartan, ambazo hubadilisha shinikizo ndani ya figo, na hydrochlorothiazide, ambayo humkojoza. Kila dawa kati ya hizo ni halali na ina faida yake. Zikikutana tatu kwenye mwili mkavu, figo zinaweza kuzimika ndani ya siku chache, na dalili ya kwanza huwa ni uchovu na mkojo kidogo, mambo ambayo nayo huitwa uzee. Diclofenac hupandisha presha pia, huuchosha moyo, na hutoboa tumbo kimyakimya; kuna wazee ambao dalili ya kwanza ya kidonda cha tumbo kwao ni choo cheusi kama lami. Mwezi wa Ramadhani huongeza jambo lake, kwa kuwa kidonge humezwa kabla tumbo halijapata kitu na maji hukosekana kutwa nzima, ingawa dini yenyewe imemruhusu mgonjwa na mzee dhaifu kutofunga.

Mbaya zaidi ni mchanganyiko. Vidonge visivyo na jina hufungwa pamoja kwenye kikaratasi, cheupe, cha njano na kidogo cha mviringo, na mteja hutoka anatembea kama amezaliwa upya. Kile kidogo mara nyingi huwa ni prednisolone au dexamethasone, dawa za jamii ya steroidi. Zina mahali pake hospitalini, na kwa ugonjwa wa baridi yabisi halisi, ule wa kinga ya mwili kushambulia viungo, huokoa vidole visipinde. Zikimezwa miezi kwa miezi bila kupimwa, hupandisha sukari, hudhoofisha mifupa hadi pingili za mgongo zipondeke, hutia ukungu kwenye macho, na mtu akiziacha ghafla huanguka kwa sababu mwili umesahau kutengeneza zake. Dawa za mitishamba za kwenye chupa zinazotuliza maumivu ndani ya saa moja zinafaa kutiliwa shaka hiyohiyo, kwa maana mizizi haina kasi hiyo.

Sindano nayo ina heshima isiyostahili. Diclofenac ya sindano ni dawa ileile ya kidonge, na hata ikichomwa kwenye tako hupita kwenye damu na kulifikia tumbo na figo vilevile.

Lipi basi limebaki? Paracetamol ni salama zaidi, isizidi vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku, na kwa mzee mwembamba au mwenye ini bovu ipungue chini ya hapo. Nguvu yake ni ndogo kuliko sifa zake: jaribio kubwa lililofanyika Australia na kuchapishwa mwaka 2014 lilionyesha kwamba kwa maumivu mapya ya kiuno haikushinda kidonge kisicho na dawa. Kwa goti, diclofenac ya kupaka husaidia bila kuingia sana kwenye damu, na ajabu ni kwamba wanunuzi huidharau kwa sababu ni ya kupaka. Miguu inayowaka kwa sukari haijali diclo wala paracetamol, kwani ni neva zinazouma, si viungo. Huko amitriptyline ya kipimo kidogo usiku huweza kufaa, kwa tahadhari: humpa mzee kizunguzungu, huzuia mkojo na humwangusha njiani kuelekea chooni. Na mwenye sukari aliyetumia metformin miaka mingi apimwe upungufu wa vitamini B12 kabla ya kununuliwa dawa za bei kali.

Kabla ya kemisti kulikuwa na moto. Wazee wengi wa kaskazini wana alama za duara gotini, kiunoni au ubavuni, zilizoachwa na chuma au kijiti chenye kaa. Wengine wamepigwa chuku. Wasomi wa mjini huzicheka alama hizo, lakini anayecheka hajasoma vya kutosha. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walichapisha nadharia iliyobadilisha somo zima la maumivu: kwamba ndani ya uti wa mgongo kuna kitu kama lango, na kwamba habari nyingine zinazoingia kutoka mwilini, au zinazoshuka kutoka ubongoni, zinaweza kulifunga na kupunguza maumivu yanayopita. Baadaye ilionekana pia kwamba maumivu makali sehemu moja huzima kwa muda yale ya sehemu nyingine. Mchomaji wa Garbatulla hakuwa na maabara, lakini aliona matokeo. Tatizo ni kwamba nafuu hiyo ni ya saa au siku, na kidonda ni cha wiki. Kwa mwenye sukari, ambaye mguu wake haupati damu ya kutosha, kidonda cha kuchomwa kinaweza kuishia kwenye kukatwa mguu. Lango lilelile hufungwa pia kwa kuchuliwa na mafuta ya simsim, kwa kitambaa cha moto kilichojaribiwa kwanza na mkono wa mtu mwenye hisia timamu, na kwa kutembea.

Kutembea ndiko kugumu kushauri. Anayeumwa huona kwamba kila hatua inaongeza uharibifu, na watoto wake wenye mapenzi humkalisha: kaa tu, mama, tutakuletea. Anakaa. Misuli ya paja, inayolishikilia goti lisiyumbe, hunywea, goti huuma zaidi, naye hukaa zaidi. Mjini, ambako familia nyingi zimehamia baada ya kupoteza mifugo, kukaa huko huongezwa chai ya sukari na wali, na uzito hupanda. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2005 vilionyesha kwamba kila kilo moja anayopunguza mtu mnene mwenye goti bovu humwondolea goti mzigo wa kilo 4 kwa kila hatua. Zoezi la kuanzia halihitaji jumba la mazoezi. Ni kuinuka kutoka kwenye kiti bila kusaidiwa na mikono na kukaa tena polepole, mara chache asubuhi na jioni, idadi ikipanda kidogo kila wiki. Maumivu yakiongezeka kidogo na kutulia kabla ya kesho yake, hapajaharibika kitu.

Mwongozo wa WHO wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno, ambao uliwataja wazee waziwazi, uliweka mbele elimu, mazoezi, kuchuliwa na msaada wa kisaikolojia. Ulishauri dhidi ya mikanda ya kiuno, ile inayouzwa kwa bei nzuri mitaani, na dhidi ya kutumia dawa za jamii ya mofini kama desturi kwa kiuno cha kawaida. Tramadol, inayoombwa sana, ni ya jamii hiyo.

Vitu vya nyumbani navyo ni tiba, japo hakuna anayeviandika kwenye karatasi ya dawa. Choo cha shimo humtaka mtu achuchumae, na kuchuchumaa ndiko goti lililolika hukuchukia kuliko yote. Kiti cha mbao chenye tundu, ambacho fundi yeyote wa mtaa wa Bulapesa anaweza kukipigilia, humaliza ugomvi huo. Kigoda cha Mturkana, kile kidogo ambacho pia ni mto wa kulalia, ni kizuri kwa kila kitu isipokuwa kuinuka kutoka juu yake. Kwa Waislamu liko suala la sala, na wapo wazee wanaovumilia rakaa baada ya rakaa machozi yakiwalenga kwa kuona kiti msikitini ni udhaifu wa imani. Imran bin Huswain, sahaba wa Mtume, alisumbuliwa na bawasiri na akauliza kuhusu sala. Alielekezwa asali akiwa amesimama, asipoweza akae, na asipoweza alale ubavu. Hadithi hiyo imo katika mkusanyo wa Bukhari. Imamu akiieleza Ijumaa moja, huenda akawaponya wengi kuliko duka zima la mikanda.

Halafu kuna pesa. Mnamo Desemba 2018 Isiolo iliwekwa kwenye ramani ya afya ya Kenya: pamoja na Kisumu, Nyeri na Machakos, ilichaguliwa kujaribu huduma ya afya kwa wote, na ada za hospitali za umma zikaondolewa. Isiolo ilichaguliwa kwa ajili ya vifo vya wajawazito na maisha ya kuhamahama, jambo la haki kabisa. Magoti ya wazee hayakuwa kwenye hoja za mtu yeyote. Majaribio yalikuwa ya muda. Oktoba 2024 bima ya afya ya NHIF iliipisha ile mpya ya SHA, ambayo kwa asiye na mshahara huanzia shilingi 300 kwa mwezi, zinazodaiwa kwa mwaka mzima kwa mkupuo: 3,600. Mzee wa miaka 70 anayelipwa na Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wazee, hupata shilingi 2,000 kwa mwezi, na malipo yenyewe hujulikana kwa kuchelewa. Asiyelipiwa na mtu, bima hiyo humla karibu miezi miwili ya Inua Jamii kabla hajapanda bodaboda ya kwanza. Na yuko ambaye hata hapo hajafika, kwa sababu kitambulisho chake kiliandikwa mwaka wa kuzaliwa wa kukisia. Magoti yana miaka 74, kadi inasema 66.

Wahudumu wa afya wa jamii zaidi ya 100,000 walizinduliwa nchini Septemba 2023 wakiwa na mikoba yenye mashine ya presha na kipimo cha sukari. Hao ndio wanaofika bomani. Swali la umeacha kufanya nini halihitaji betri, na mhudumu akiuliza pia mzee anakunywa dawa gani, akaonyeshwa kila kikaratasi kilicho chini ya mto, huenda akaokoa figo kadhaa.

Ukame wa 2020 hadi 2023, misimu mitano ya mvua iliyokosekana, uliua zaidi ya mifugo milioni 2 nchini Kenya, na Isiolo ilikuwa katikati yake. Mzee aliyeona kundi la maisha yake likilala chini mnyama mmoja baada ya mwingine halali usingizi, na asiyelala huumwa zaidi kesho yake. Ni mwili huohuo na ubongo huohuo unaolifungua na kulifunga lile lango. Cicely Saunders, daktari wa Uingereza aliyefungua hospisi ya St Christopher's jijini London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa ni ya mwili, ya moyo, ya jamii na ya roho kwa pamoja. Mfugaji angeshangaa kwamba jambo hilo lilihitaji kufundishwa.

Saunders aliwafikiria hasa wanaokufa, na kwao kanuni za kiuno hubadilika. Saratani iliyofika mifupani, au ya umio inayomzuia mtu hata kumeza mate, haitulizwi kwa paracetamol, na hapo mofini ni haki ya mgonjwa. Mgawanyo wake duniani ni wa aibu: ripoti ya tume ya jarida la Lancet ya mwaka 2017 ilikadiria kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii hiyo zinazogawanywa kila mwaka, nchi maskini kabisa hupata tani 0.1. Uganda ilionyesha njia. Dk. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, mofini ya maji ikakorogwa hukohuko kwa bei ndogo, na tangu 2004 wauguzi waliopata mafunzo maalumu wanaruhusiwa kuiandika. Nchini Kenya, Nairobi Hospice ilifunguliwa mwaka 1990, na kwa mtu wa Isiolo iliyo karibu ni ya Meru, kilomita 50 hivi kupanda mlima.

Familia nyingi huikataa chupa hiyo kwa kuiona dawa ya kufia, au kwa hofu kwamba baba wa miaka 80 atakuwa teja. Mofini iliyopimwa vizuri haiharakishi kifo, na mgonjwa wa saratani anayeitumia kwa maumivu hafanani na kijana anayeitafuta kwa ulevi. Haihitaji friji, kwa hiyo inaweza kupanda gari la Merti ikiwa mikononi mwa binti aliyefundishwa kupima mililita kwa sirinji. Humpa baba yake kila saa 4 bila kungoja maumivu yarudi, na kipimo cha kulalia huongezwa maradufu ili wote wawili wapate usingizi. Atahitaji pia kumpa dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza, maana mofini humfunga choo karibu kila anayeitumia, na namba ya simu ya muuguzi wa hospisi iandikwe ubavuni mwa chupa.